Afande Naye Aonekane

Juni 27, 2024, Edgar Mwakabela, kijana anayejulikana mitandaoni kwa jina la Sativa, alipatikana katika pori la Katavi akiwa na jeraha la risasi lililompasua taya. Siku nne kabla ya hapo alikuwa Dar es Salaam, mtu anayefahamika kwa kuikosoa serikali mtandaoni bila kujificha. Alinusurika. Baadaye alieleza hadharani alivyotekwa, alivyohojiwa na alivyopigwa risasi. Jeshi la Polisi lilisema linachunguza.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, ushike njia yoyote utakayo. Njiani kuna mizani, vizuizi, trafiki wenye tochi, vituo vya mafuta na nyumba za wageni zenye kamera mlangoni. Dereva wa basi akizidisha mwendo kidogo tu, anapigwa tochi na faini inamsubiri mbele. Mwananchi anaonekana kila anapopita. Ila macho yote hayo, au karibu yote, yako mikononi mwa dola au ya watu wasioweza kuikatalia dola, na mwenye macho ndiye anayeamua kilichoonekana na kisichoonekana.

Anayeijua Katavi hashangai sana kwamba mtu alikuja kutupwa huku. Ukitoka Mpanda mjini kuelekea kusini, kilomita kama 35, unafika Sitalike, pale Mto Katuma unapojaa viboko wakati wa kiangazi hadi maji hayaonekani. Ukishavuka, barabara inaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kilomita za mraba 4,471 za miombo na mbuga, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1974. Mbung'o wanaingia dirishani. Simu inaanza kutafuta mtandao na kuukosa. Kuanzia hapo, mwenye sare na silaha ndiye shahidi wa matendo yake mwenyewe. Akisema risasi ilipigwa hewani, ilipigwa hewani. Akisema mfugaji ndiye aliyeanza, ndiye aliyeanza.

Naandika makala haya nikiamini kwamba hali hiyo inaweza kubadilika, na kwamba kifaa cha kuibadilisha watu wengi wa Mpanda wanacho tayari kifuani. Kifaa peke yake hakitoshi, na nitaeleza kwa nini. Lakini nianze na tukio lililotufundisha kinachowezekana.

Novemba 11, 2024, huko Kiluvya, pembezoni mwa Dar es Salaam, wanaume walijaribu kumwingiza mfanyabiashara mmoja garini kwa nguvu mchana kweupe. Aligoma akapambana, na aliyekuwa karibu akarekodi kwa simu. Jaribio lilishindikana, klipu ikazagaa nchi nzima, na haukupita muda mrefu watuhumiwa wakafikishwa mahakamani. Yule wa Kiluvya na yule wa Katavi wametenganishwa na miezi isiyofika mitano. Mmoja alikuwa mahali penye watu na lenzi, mwingine alipelekwa pasipokuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Wazo la raia kuvaa kamera ili amwangalie anayemwangalia halikuanza na simu. Steve Mann, mhandisi wa Canada anayefundisha Chuo Kikuu cha Toronto, alianza kutembea na kompyuta na kamera mwilini tangu miaka ya 1980, wakati mitambo hiyo ilikuwa mizigo ya kubeba mgongoni. Yeye na wenzake wawili walichapisha utafiti mwaka 2003 wakieleza walichokuwa wakikifanya madukani: wanaingia wamevaa kamera zinazoonekana, wanawauliza walinzi na wauzaji juu ya kamera zilizoko darini, halafu wanangoja. Wale waliokuwa wakirekodi wateja mchana kutwa bila kuwauliza walikuwa wa kwanza kulalamika walipoona lenzi imewageukia. Kila mara jibu lilifanana: sheria za hapa haziruhusu, muulize meneja, mimi nimeagizwa tu. Julai 2012, akiwa katika mgahawa mmoja wa Paris na familia yake, Mann alivamiwa na watu waliotaka kumvua miwani yake ya kamera.

Mashine ile ya Mann leo imo kwenye mfuko wa reflekta ya bodaboda. Wapo wenye miwani ya kurekodi na kalamu zenye lenzi, lakini huku kwetu kamera ya kuvaa ni simu iliyochomekwa kifuani, na inafaa tuitazame kwa karibu jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu wengi hujaribu mara moja wakakata tamaa. Simu huwekwa kioo kikielekea mwilini ili lenzi ya nyuma itazame mbele. Mfuko ukiwa mrefu, lenzi inazama, unabaki na nusu saa ya giza la kitambaa. Kwa simu nyingi kioo kikizimwa kurekodi nako kunakoma, hivyo kioo lazima kiendelee kuwaka. Hapo simu inapata moto, chaji inateremka, na kitufe chekundu kikiguswa kwa bahati mbaya kazi imekwisha bila wewe kujua. Simu ikipigwa katikati, kurekodi kunaweza kukatika pia. Video ya ubora wa kawaida inakula karibu MB 100 kwa dakika. Nusu saa ya kusimamishwa kizuizini ni GB 3, na simu nyingi za bei ya chini hazina nafasi hiyo zikishajaa nyimbo na picha za harusi.

Kitu kimoja husahaulika: sauti. Picha ya kifuani mara nyingi inaonyesha mkanda wa suruali ya mtu, tairi na anga. Sauti yake lakini inasikika yote, kiasi kinachotajwa, nani anadai na nani anabembeleza, hata jina la afande mwenzake akiitwa. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ina namba ya bure 113 kwa anayeombwa rushwa. Mtu anayepiga akiwa na dakika 4 za sauti safi ana kesi tofauti kabisa na anayepiga akiwa na uchungu wake tu.

Halafu kuna suala la kulihifadhi faili lenyewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaruhusu taarifa za kielektroniki zipokelewe mahakamani, na inaitaka mahakama ipime zilivyotengenezwa, zilivyotunzwa na kama zimeguswa njiani. Sasa fikiria safari ya klipu ya kawaida. Imerekodiwa Sitalike, ikatumwa WhatsApp ambako inabanwa na kupoteza kumbukumbu za saa na mahali, ikawekwa status na rafiki wa rafiki, ikaongezewa muziki na mtu wa mkoa mwingine, na mwenye simu akaifuta ya kwake kwa woga au kwa kutafuta nafasi. Nchi nzima imeiona, na bado hakuna wa kuipeleka kwa hakimu. Faili la kwanza kabisa, lililo ndani ya simu iliyorekodi, ndilo lenye uzito, na ndilo linalofutwa mapema kuliko yote.

Hakuna aliyetuonyesha thamani ya lenzi kwa gharama kubwa kuliko Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa waandishi wa habari wa Iringa. Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, polisi walikuwa wakizuia shughuli za chama cha upinzani, CHADEMA. Mwangosi alikuwa kazini. Picha zilizopigwa na wenzake, wakiwa wamesimama mbali kidogo, zinamwonyesha akiwa amezongwa na askari wenye kofia ngumu na ngao, akisukumwa chini, na mmoja wao akiwa na bunduki ya mabomu ya machozi iliyoelekezwa tumboni kwake. Picha iliyofuata sitaielezea. Waliokuwa watu wazima mwaka ule wanaikumbuka.

Maelezo ya mwanzo yaliyotolewa upande wa polisi yalisema kilichomuua kilirushwa kutoka kwenye umati. Magazeti yakachapa picha. Baada ya hapo maelezo yale hayakuweza kusimama, kwa sababu kila mwenye macho aliona hapakuwa na umati pale, palikuwa na askari na mwandishi mmoja katikati yao. Ziliundwa kamati na taarifa zikaandikwa, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ikasema wazi kwamba haki zilivunjwa. Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka 15.

Miaka minne, mtu mmoja. Wapo wanaosema hiyo si haki, na nawaelewa. Ila bila wale waliobaki na kamera mkononi badala ya kukimbia, hata huyo mmoja asingepatikana, na kitabu cha polisi kingebaki na habari ya kitu kilichorushwa na umati. Nyololo, pamoja na umaskini wake wa mtandao mwaka ule, ilikuwa na waandishi wa habari siku hiyo kwa sababu chama kikubwa cha siasa kilikuwa na shughuli. Kijiji cha huko Mpimbwe, Katavi, kinapovamiwa na operesheni hakina mwandishi.

Na operesheni tumezijua. Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili, kwa sababu ya kweli kabisa: tembo walikuwa wanateketea, wa Katavi wakiwemo. Mwanzoni mwa Novemba ilisitishwa kwa kilio cha wananchi. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ilikusanya ushuhuda wa mateso, vifo na udhalilishaji, na Desemba mwaka huohuo mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Aliyesimama bungeni kutangaza hatua hiyo alikuwa Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mtoto wa Kibaoni, mbunge wa Katavi. Karibu kila kitu kilichojulikana juu ya Tokomeza kilijulikana kwa midomo ya waliotendewa. Mtu analazimika kuvua shati mbele ya wabunge kuonyesha makovu, kisha anaulizwa atathibitishaje kwamba si jambazi lililompiga.

Pinda huyohuyo, Juni mwaka ule, alikuwa amewaambia wabunge kwamba wanaokaidi amri za vyombo vya dola wapigwe tu, kwa kuwa serikali imechoka. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika walimfungulia kesi Mahakama Kuu. Ilitupwa mwaka 2014. Naikumbusha hapa kwa sababu moja: kauli ile ilipingika kwa kuwa ilirekodiwa na kurushwa, nchi nzima ikasikia ikitoka kinywani mwake. Bunge nalo ni mahali wananchi wanapowaangalia wanaowaangalia. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja. Waliopinga uamuzi ule walijua wanachopoteza.

Zipo nchi zilizoamua kumvisha kamera askari mwenyewe. Rialto, mji mdogo wa California, ulifanya jaribio mwaka 2012 hadi 2013, na matumizi ya nguvu yakapungua karibu nusu. Dunia ikafurahi. Mwaka 2017 yakatoka matokeo ya Washington, jaribio lililohusisha askari zaidi ya 2,000, na tofauti ya maana haikuonekana. Maelezo ninayoyakubali ni kwamba kamera ya afande inafuata tabia ya ofisi iliyomvisha. Kama ni yeye anayeiwasha na kuizima, na faili linalala kwenye kompyuta ya bosi wake, raia amepata jicho jingine tu la kumtazama yeye.

Kenya imelionja hilo karibuni. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Nairobi. Kituo kilikuwa na kamera. IPOA, chombo huru kinachosimamia mwenendo wa polisi kwa sheria ya mwaka 2011, kilibaini kwamba mfumo wa kamera ulikuwa umechezewa. Siku chache baadaye, Juni 17, katikati ya maandamano ya kudai haki ya Ojwang, muuza barakoa, Boniface Kariuki, alipigwa risasi ya kichwa na askari aliyekuwa amesimama karibu naye kabisa. Safari hii waliokuwa wakirekodi walikuwa raia na waandishi, picha ikiwa mtaani dakika ileile, na askari wakakamatwa. Kamera iliyofungwa ukutani mwa kituo ilinyamazishwa. Zile zilizokuwa mikononi mwa watu hazikuwa na mtu mmoja wa kuzizima.

Kuzizima zote kunawezekana, hata hivyo. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu wetu, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi siku kadhaa baadaye. Iliporudi, picha zilizokuwa zimefungiwa kwenye simu za watu zikaanza kutoka, pamoja nazo ujumbe mfupi wa polisi ukionya watu wasisambaze picha za kuzua taharuki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inatoa adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu kwa anayechapisha taarifa ya uongo. Anayerusha klipu ya kweli hatakiwi kuwa na wasiwasi na kifungu hicho. Lakini mwulize kijana mwenye simu ya mkopo kama yuko tayari kusubiri mahakama iamue kwamba ilikuwa ya kweli. Novemba mwaka huohuo Rais aliunda tume ya uchunguzi wa matukio hayo chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Waliotunza mafaili yao bila kuyahariri, bila kuyarusha ovyo, ndio walio na kitu cha kuiwekea tume ya namna hiyo mezani.

Katavi ina mzigo wake wa ziada katika jambo hili, na sijauona ukisemwa vya kutosha. Makazi ya wakimbizi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973 na ya Mishamo 1978 kuwapokea waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Kwa miongo, mtu wa makazi hayo hakutoka bila kibali. Alisimama getini, akatoa karatasi, akangoja aliyeishika aamue. Kuanzia mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa makazi ya zamani, ya Ulyankulu yakiwemo, walipewa uraia wa Tanzania. Cheti kinatolewa siku moja. Mazoea ya kuinamisha macho mbele ya sare yanachukua muda zaidi, na yanarithiwa. Ukimwambia mtu wa Mishamo kwamba ana haki ya kuinua simu mbele ya afande, unamwomba atende kinyume cha kila alichofundishwa na wazazi wake ili abaki salama. Kwa hiyo ninapowasikia vijana wa mjini wakiwalaumu watu wa vijijini kwamba ni waoga, hawarekodi, naona lawama imeelekezwa pasipostahili.

Upande wa pili nao usifichwe. Lenzi ya kifuani haichagui. Inamchukua pia mama lishe aliyekaa nyuma ya mgambo, mgonjwa anayeshushwa kwenye bajaji, binti aliyesimamishwa pamoja nawe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, iko kwa ajili ya watu hao, na inapaswa kuheshimiwa na mwenye simu kama inavyopaswa kuheshimiwa na kampuni. Ndiyo maana sipendi miwani na kalamu za kurekodi kwa siri. Mwenye sare aliye kazini, barabarani, kwa mshahara wa umma, anashikilia mamlaka yetu. Kumrekodi ni sehemu ya kumsimamia. Muuza mihogo aliye nyuma yake hajashika mamlaka ya mtu. Anayerekodi kwa wazi anaweza kuigeuza simu, anaweza kuombwa aache, na anaweza kuficha sura ya asiyehusika kabla ya kupeleka popote. Na uwazi wenyewe ni kinga: afande aliyeiona lenzi mapema huwa na nafasi ya kubadili anachotaka kufanya.

Kwa askari wa uhifadhi nina ombi mahususi. Jeshi lao lina nidhamu ya kijeshi na kazi yao ni ya hatari kweli. Wapo waliouawa na majangili, na familia zao nazo hazikuwahi kujua kilichotokea. Kamera kifuani mwa kila anayeingia doria Katavi ingewalinda wao pia dhidi ya tuhuma za uongo. Teknolojia si ngeni huku. Walinzi wa misitu wa vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, kwenye mradi wa kaboni wa milima ya Ntakata, hutembea na simu zinazoandika mahali walipopita na walichokiona. Mti uliokatwa unapata rekodi yenye saa na mahali. Mfugaji aliyepigwa ndani ya mpaka wa hifadhi anastahili rekodi iliyo kamili kama ya mti huo.

Ila faili la doria likirudi kwa mkuu wa doria, tumerudi Nairobi Kituo Kikuu. Tanzania haina chombo huru cha kusimamia polisi kinachofanana na IPOA. Tuliyonayo ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyomo ndani ya Katiba, ibara ya 129, yenye makao yake Dodoma na mamlaka ya kuchunguza uvunjaji wa haki, kama ilivyofanya baada ya Nyololo. Mtu wa Majimoto mwenye klipu leo ana chaguo la kuipeleka kwenye kituo kilekile anachokilalamikia, kuirusha mtandaoni kwa hatari yake, au kuifuta. Bunge linaweza kumwongezea la nne kwa kuandika katika sheria kwamba Tume ipokee mafaili ya raia na ya kamera za askari, itoe stakabadhi yenye namba, itunze nakala isiyoguswa, na jina la aliyeleta lisitoke ofisini humo bila amri ya mahakama. Gharama yake ni seva, mafundi wachache na dirisha moja la kupokelea katika kila mkoa, kuanzia ile iliyo mbali na Dodoma.